Tunduma hadi Dar: ndege saa moja na robo, safari siku nzima

Uwanja wa Songwe uko karibu katikati kabisa ya mstari unaounganisha Dar es Salaam na Lubumbashi. Pamoja na bahati hiyo, mkazi wa Tunduma, mpakani na Zambia, anapoteza saa nyingi zaidi ardhini kuliko angani, na akitaka kwenda magharibi kwa ndege hulazimika kwanza kuruka mashariki.

Abiria wa Tunduma aliyekata tiketi ya ndege ya asubuhi huanza safari usiku. Saa kumi alfajiri gari alilokodi linatoka mtaa wa Majengo, linaingia barabara kuu ya Mbeya na kukutana na kile ambacho kila mkazi wa mji huu anakijua: malori yaliyojipanga kuelekea mpakani, mengine yamezima taa na madereva wamelala ndani, mengine yakijisogeza kidogo kidogo. Foleni ikiwa fupi, gari linapita Mpemba bila shida, linakamata mwendo kuelekea Vwawa na Mlowo, kisha linateremkia bonde la Songwe na kufika uwanjani kwa kama saa moja na nusu. Foleni ikiwa ndefu, au semi ikiwa imeharibika mlimani na kuziba njia, muda huo unakuwa saa mbili, tatu, au haujulikani kabisa. Na kwa kuwa haujulikani, abiria hana hiari. Anaondoka mapema kupita kiasi, anafika kaunta haijafunguliwa, anakaa kwenye benchi na begi lake miguuni. Ndege ikishapaa, inamfikisha Dar es Salaam kwa muda mfupi kuliko ule alioumaliza barabarani na kwenye benchi.

Tunapoulizana kutoka hapa hadi pale ni umbali gani kwa ndege, jibu linalotolewa huwa ni la uwanja hadi uwanja. Jibu hilo linamfaa rubani, na linaifaa kampuni inayonunua mafuta. Kwa mtu wa Tunduma, Vwawa, Itumba au Kamsamba ni kipande tu cha jibu, tena kipande kidogo. Hoja ya makala haya ni kwamba usafiri wa anga wa ukanda huu umekuwa ukipimwa kwa kipande hicho kidogo, na kwa hiyo fedha na sifa zimeelekezwa kwenye ndege na majengo ilhali saa za wananchi zinapotelea kwingine: kwenye barabara isiyotabirika kati ya mpaka na uwanja, na kwenye ratiba inayotazama upande mmoja tu wa anga.

MSTARI WA RAMANI NA SAA ZA TIKETI

Tuanze na hesabu yenyewe. Umbali wa anga hupimwa kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, ambayo wanajiografia huiita duara kuu. Kwa kipimo hicho, kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere hadi Songwe ni takriban kilomita 690, wakati kwa barabara, kupitia Morogoro, Iringa na Makambako, kutoka Dar hadi jiji la Mbeya peke yake ni zaidi ya kilomita 800. Airbus A220-300 ya Air Tanzania ikishatulia angani huenda kwa kasi ya kilomita 830 hivi kwa saa. Dash 8 Q400, ile ya pangaboi, inakaribia 650, na ATR 72 ya Precision Air inacheza kwenye 500. Lakini hakuna ndege inayoruka moja kwa moja kama rula. Inapaa kwa uelekeo wa barabara yake ya kurukia, inageuka, inafuata njia za anga zilizopangwa, inapanda taratibu na kushuka taratibu. Ukiongeza kama dakika 20 kwa ajili ya mambo hayo, jeti inatumia saa moja na dakika kumi au robo, Q400 inakaribia saa moja na nusu, na ATR kama saa moja na dakika 45. Kati ya ndege ya kasi kuliko zote na ya taratibu kuliko zote, tofauti ni dakika 35 hivi. Namba hiyo tutaihitaji baadaye.

Uwanja wenyewe ulianza kazi Desemba 2012 na kuchukua nafasi ya ule wa zamani uliokuwa katikati ya Mbeya, wenye njia fupi na uliobanwa na milima na makazi. Songwe ilijengwa bondeni, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi, mabawa hushika hewa kwa shida zaidi na ndege huhitaji kukimbia mbali kabla ya kupaa, ndiyo maana barabara yake ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita 3. Miaka michache baadaye, 2016, Mkoa wa Songwe ulizaliwa kwa kumegwa kutoka Mbeya, ukiwa na wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, na makao makuu Vwawa. Uwanja ulibaki upande wa Mbeya. Kwa hiyo mkoa wenye mpaka unaopitisha sehemu kubwa ya shehena ya Zambia na Kongo kutoka bandari ya Dar es Salaam unategemea uwanja ulio nje ya mipaka yake, umbali wa kilomita kama 70 za mstari ulionyooka kutoka Tunduma, na zaidi ya hapo kwa barabara.

UKIHESABU KUTOKA MLANGONI

Sasa turudi kwa abiria wetu wa saa kumi alfajiri. Ndege yake inaruka saa tatu asubuhi na anatakiwa kuwa uwanjani saa moja. Barabara ingemchukua saa moja na nusu, lakini mtu mwenye busara anaongeza saa moja na nusu nyingine ya tahadhari. Saa tatu anapaa, saa nne na robo anatua Dar. Kusubiri begi, kutoka nje na kupenya msongamano hadi Kariakoo, tumpe saa moja na nusu, na wanaoijua barabara ya Nyerere watasema nimekuwa mkarimu. Anafika dukani saa sita kasorobo. Jumla ni saa saba na dakika 45, na kati ya hizo alizokuwa angani ni dakika 75, yaani chini ya sehemu moja kati ya sita.

Hesabu hiyo inafundisha jambo ambalo halionekani kwenye jedwali la umbali. Ukimwondolea abiria huyu ATR na kumpa jeti, unamwokolea dakika zisizozidi 35. Ukimwondolea ile saa moja na nusu ya tahadhari, unamwokolea dakika 90 bila kununua ndege yoyote. Na tazama vizuri saa hiyo ni ya nini. Haitumiki kusafiri. Siku nyingi barabara inakuwa shwari na abiria anafika saa kumi na moja na nusu, akaimalizia tahadhari yake kwenye benchi. Analipa kodi ya kutojua. Barabara ambayo kila siku inachukua saa mbili kamili ingemfaa kuliko hii inayochukua saa moja na nusu siku nne na saa nne siku ya tano, kwa sababu ile ya kwanza angeipangia na hii anaiogopa.

“Barabara ya saa mbili kila siku ni fupi kuliko barabara ya saa moja na nusu isiyoaminika.”

Chanzo cha kutoaminika huko kinajulikana. Kipande cha Tunduma hadi Songwe ni sehemu ya barabara kuu ya TANZAM, na juu ya lami hiyo hiyo yanapita malori ya shaba kutoka Kongo na Zambia, malori ya mafuta na makontena yanayokwenda huko, mabasi ya mikoani, Noah za Vwawa na Mlowo, bajaji, bodaboda na wakulima wa kahawa wa Mbozi. Mwaka 2019 marais wa Tanzania na Zambia walizindua kituo cha huduma kwa pamoja mpakani, Tunduma na Nakonde, ili gari likaguliwe mara moja badala ya mbili. Kituo kimepunguza mlolongo wa karatasi. Hata hivyo mpaka huu ni mmoja tu katika njia ndefu, na mambo yakikwama mbele, iwe kwenye mifumo ya forodha au kwenye mpaka wa Kasumbalesa kati ya Zambia na Kongo, mkia wa foleni unarudi hadi Tunduma na kuuvuka mji. Huyu wa kwenda uwanjani hana shehena wala karatasi, lakini anakaa katika foleni ya shehena.

Serikali imeanza kupanua barabara, na hilo ni jambo jema. Mradi wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, unalipunguzia mzigo jiji la Mbeya. Ila tazama unakoanzia na unakoishia: unaanzia mashariki ya jiji na kuishia Ifisi, jirani na uwanja. Anayetoka Mbeya mjini atafika uwanjani haraka zaidi. Anayetoka Tunduma anatokea upande wa pili, ambako njia nne hazijafika. Kila mtu hapa anajua kuwa kipande cha kwenda mpakani kimo katika mipango ya baadaye. Ninachosisitiza ni kwamba hakihitaji kusubiri njia nne zote ndipo uhakika urudi. Maegesho makubwa ya malori nje ya lami kati ya Mpemba na Chapwa, yenye utaratibu wa kuita magari kwa zamu, pamoja na njia ya ziada kwa magari mazito kwenye miinuko, vingefuta sehemu kubwa ya ile tahadhari ya dakika 90 kwa gharama ndogo kuliko kupanua kila mita.

Kutojua kwa pili kuko hewani, nako ni halali kukutaja. Bonde la Songwe hushika ukungu asubuhi, hasa wakati wa mvua na baridi. Kwa miaka mingi uwanja haukuwa na taa za kuongozea ndege, ukafanya kazi mchana tu, na ndege zilizokuta mawingu mazito zimewahi kugeuza na kurudi Dar na abiria wake. Kufungwa kwa taa katika miaka ya karibuni kulikuwa hatua kubwa, na kwa maoni yangu kumewafaidi wasafiri kuliko jengo lolote jipya, kwa sababu ndege iliyochelewa kutoka Dar sasa haiahirishwi kwa kuogopa giza tu. Taa hizo zilifupisha safari bila kusogeza uwanja hata hatua moja.

BASI LA DAR NA NDEGE YA GUANGZHOU

Atatokea wa kuuliza: kwani kuna ubaya gani mtu akipanda basi? Wengi hupanda, na nauli ndiyo sababu. Kutoka Tunduma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 900 za barabara. Mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa basi ni kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo hata kama lingekwenda bila kusimama hata mara moja lingetumia saa 11 na ushee. Ongeza mlima Kitonga, matuta, vituo na mwendo mdogo unaotakiwa ndani ya hifadhi ya Mikumi, na saa 15 au zaidi si jambo la ajabu. Sasa linganisha. Kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou, China, ni kama kilomita 8,700, na ndege kubwa aina ya Boeing 787 inaweza kuzimaliza kwa saa 10 na nusu hivi. Mfanyabiashara wa Tunduma anayefuata vitambaa au vipuri China anatumia muda mrefu zaidi kufika Dar kwa basi kuliko kutoka Dar kufika China. Kilomita 900 za nyumbani zimemzidi kilomita 8,700 za ugenini.

Nchi nyingine zimeshaanza kuamua kwa saa za safari nzima badala ya kilomita. Ufaransa mwaka 2023 ilipiga marufuku baadhi ya safari fupi za ndege za ndani pale ambapo treni inamfikisha mtu kwa chini ya saa mbili na nusu. Hapa kwetu, treni ya mwendokasi ya Dar hadi Dodoma iliyoanza 2024 inachukua chini ya saa nne kutoka mji hadi mji. Ndege ya Dodoma iko angani kwa saa moja hivi, lakini ukiongeza kwenda uwanjani, kusubiri na kutoka, faida yake inayeyuka. Tunduma haina treni ya namna hiyo. Ina TAZARA, reli yenye heshima kubwa katika historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, lakini isiyokuwa na kasi ya kushindana na saa moja na robo ya angani. Hapa ndege bado ina kazi ya kufanya, na ndiyo maana saa zinazopotea pembeni yake zinauma.

UPANDE MMOJA TU WA ANGA

Chukua ramani, weka bikari penye uwanja wa Songwe, chora duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 700. Upande wa mashariki duara linaikumba Dar es Salaam. Upande wa magharibi linaikumba Lubumbashi, ambayo kwa mstari ulionyooka iko kilomita 690 na kitu kutoka Songwe, sawasawa na Dar. Kusini magharibi inaingia Ndola na ukanda wa shaba wa Zambia, kwa umbali unaokaribia huo huo. Kusini iko Lilongwe, kilomita 540 hivi. Kaskazini mashariki iko Dodoma, kama kilomita 410. Lusaka inabaki nje kidogo ya duara, kilomita 885. Ni viwanja vichache katika ukanda wetu vilivyokaa katikati ya biashara namna hii.

Kinachoshangaza zaidi ni mstari wa Dar na Lubumbashi. Una urefu wa takriban kilomita 1,385, na nukta ya katikati yake iko chini ya kilomita 40 kutoka Songwe. Ukiufuata kwenda magharibi, unapita karibu na Tunduma, kisha jirani na Kasama na Mansa nchini Zambia. Barabara haiwezi kufuata mstari huo. Kutoka Nakonde inateremka kusini magharibi hadi Serenje na Kapiri Mposhi, ndipo inapanda tena kwenda Ndola, Chingola na Kasumbalesa, kwa sababu ya kile kipande cha ardhi ya Kongo kilichochomoza ndani ya Zambia na maji na vinamasi vya Bangweulu. Ni zaidi ya kilomita 1,000 za lami. Kwa hiyo upande huu ndiko ndege ingeokoa muda mwingi kuliko upande wa Dar, ambako angalau barabara inajitahidi kunyooka.

Na upande huu ndiko ndege hazielekei. Ratiba za Songwe zinatazama mashariki. Air Tanzania ilianza kuruka kwenda Lusaka mwaka 2019, na Lubumbashi nayo imeingia kwenye mtandao wake, lakini safari hizo zinaanzia Dar. Wakala wa forodha wa Tunduma mwenye shughuli Lubumbashi, akichagua ndege, anaruka kilomita 690 kwenda baharini, anasubiri, kisha anaruka karibu 1,385 kurudi alikotoka na kupitiliza. Jumla ni zaidi ya kilomita 2,070 kufika mahali palipo kilomita 694 kutoka uwanja wake: mara tatu ya njia inayotakiwa. Katikati ya ndege ya pili, ikiwa inafuata mstari ulionyooka, atakuwa anapita karibu na paa la nyumba yake.

“Kilomita 2,070 angani kufika mahali palipo kilomita 694 tu.”

Tiketi ya magharibi inaficha jambo jingine. Zambia na Lubumbashi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Mtu akivuka kwa mguu kutoka Tunduma kuingia Nakonde saa tatu asubuhi, upande wa pili ni saa mbili. Kwa kuwa saa za tiketi huandikwa kwa majira ya kila mahali, safari ya Dar hadi Lusaka inayochukua saa mbili na robo inaonekana kama saa moja na robo, na ya kurudi inaonekana kama saa tatu na robo. Anayepanga kikao au kuunganisha ndege kwa kutoa saa moja kwenye nyingine bila kukumbuka hilo, anaikosa ndege.

“ABIRIA WAKO WAPI?”

Hoja nzito ya kupinga yote haya ni ya soko. Kampuni ya ndege inahitaji viti vijae. Q400 ya Air Tanzania ina viti 76. Je, Songwe na Lubumbashi zina watu wa kuvijaza? Hoja hii ni ya haki, na mtu anayeipuuza hajui jinsi kiti kitupu kinavyokula fedha. Lakini ina kasoro ndani yake. Abiria wa mpakani anayekwenda magharibi kwa kupitia Dar anaonekana kwenye vitabu kama abiria wa Dar na Lubumbashi. Anayekata tamaa na kupanda basi la Nakonde haonekani kabisa. Soko linahesabiwa kwa tiketi zilizouzwa, na tiketi ya Songwe kwenda magharibi haijawahi kuwekwa kaunta ikauzwa. Kutokuwepo kwake kwenye takwimu hakuthibitishi kuwa wanunuzi hawapo.

Tena jiografia inatoa njia ya kujaribu kwa gharama nafuu. Kwa kuwa Songwe iko karibu juu ya mstari, ndege ya Dar na Lubumbashi inayotua Songwe kushusha na kupakia inaongeza kilomita chache tu za njia. Gharama haiko kwenye umbali. Iko kwenye mafuta ya kupaa mara ya pili, ada za kutua, na kama saa moja inayoongezeka kwa abiria aliyetoka Dar. Huyo wa Dar ana haki ya kulalamika, na kwa sababu hiyo isingefaa kuwa kila safari. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha kupima. Kwa upande wa sheria, anga ya kila nchi ni mali yake kwa mujibu wa Mkataba wa Chicago wa 1944, na safari za ratiba hutegemea makubaliano ya nchi na nchi. Kampuni ya Tanzania inayotoka kiwanja cha Tanzania kwenda Kongo haiombi upendeleo wa ajabu. Kinachohitajika ni Songwe itambuliwe kama kituo cha kuondokea, na uhamiaji, forodha na afya wawepo uwanjani kwa saa hizo. Uwanja unaoitwa wa kimataifa unapaswa kuwa na watu hao.

Hoja ya pili inatoka upande mwingine: basi tujengewe uwanja wetu, Vwawa au Tunduma kwenyewe. Naielewa hamu hiyo, na kwa mkoa wenye uchumi wa mpaka siyo kiburi. Tatizo ni kwamba muda wa safari una sehemu nyingine ambayo hatujaitaja, nayo ni kuisubiri ndege ya siku nyingine. Penye ndege kila siku, aliyeikosa ya leo anasubiri hadi kesho. Penye ndege tatu kwa wiki, anaweza kusubiri siku mbili au tatu. Viwanja viwili vilivyoachana kilomita 70 vingegawana abiria wale wale, na kila kimoja kingepata ndege chache. Mtu wa Tunduma angeokoa saa mbili za barabara siku ya safari na kupoteza siku nzima ya kusubiri. Fedha za barabara ya kurukia ya kilomita 3, zikiwekwa kwenye barabara ya magari kati ya mpaka na Songwe, zinamfaa yeye pamoja na wasiopanda ndege, ambao ndio wengi.

Hapo inafika hoja ya tatu, kwamba ndege ni ya wenacho. Ni kweli nauli inawazidi wengi. Lakini nani anangojea kile kinachofika kwa ndege? Lori lililoharibika Mpemba linangoja kipuri, na likiwa limeziba njia, linangojewa na kila aliye nyuma yake. Mgonjwa aliyepewa rufaa ya Muhimbili anangoja siku yake. Familia inangoja mwili wa ndugu aliyefia mbali. Saa ya ndege ikichelewa, inachelewa pia kwa watu ambao hawajawahi kukata tiketi.

Wa kuamua wapo na kazi zao zinafahamika. Mamlaka ya Usafiri wa Anga inasimamia vibali na makubaliano ya safari, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege inaendesha uwanja, TANROADS ina barabara, na Air Tanzania ina ndege na orodha ya abiria wake wanaounganisha Dar. Orodha hiyo ndiyo pa kuanzia: ni abiria wangapi walioingia ndege ya Songwe na kuishia Lusaka au Lubumbashi, na siku gani za wiki. Upande wa barabara, kipimo kinachohitajika ni kile ambacho madereva wa mabasi na wa magari ya kukodi tayari wanakijua kwa uzoefu, yaani muda wa Tunduma hadi Songwe siku kwa siku kwa mwaka mzima, siku nzuri na siku mbaya, uandikwe na utangazwe. Namba hizo mbili zikiwa mezani, bajeti ya maegesho ya Mpemba na ombi la ndege ya majaribio ya kwenda Lubumbashi vitaweza kujadiliwa kwa pamoja, kwa sababu ni vipande vya safari moja ya mtu mmoja.